Kuingia mkutano wa mtandaoni kwa simu ya kitochi: uzoefu wangu na BigBlueButton hapa Mtwara

Ofisi yetu ipo Mtwara mjini. Ni shirika dogo linalofanya kazi na wakulima wa korosho na ufuta, na mimi ndiye ninayeshughulika na kompyuta, mtandao, barua pepe, na tangu Julai 2024, mfumo wa mikutano ya mtandaoni ambao mtu anaweza kuingia hata kwa kupiga simu ya kawaida. Naandika kuhusu huo mfumo. Nimeusimamia karibu kila Jumatatu kwa zaidi ya mwaka, na mengi niliyojifunza sikuyakuta kwenye maelekezo yoyote.

Kilichotusukuma ni Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya kilipita, mvua zikafanya kazi yake, na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika pale Somanga. Hatujapumua, tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Huku kwetu ndiyo majira ya wakulima kujiandaa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Watu wetu wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, na wale wa Nachingwea na Liwale kwa upande wa Lindi, walikuwa na maswali, na mikutano yetu ya video iliyotegemea seva za nje ya nchi, yaani kompyuta zinazoendesha mikutano hiyo, ikawa haishiki. Lakini simu za kawaida zilikuwa zinaita. Siku moja nilikaa kuanzia asubuhi mpaka alasiri nikimpigia mtu mmoja mmoja, nikirudia maneno yaleyale kwa watu ishirini na tatu. Jioni nilimwambia mkurugenzi wetu: mama, tunahitaji mkutano ambao hata mwenye kitochi anaingia.

Tuliichagua BigBlueButton. Ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, na haina ada ya leseni. Tulikodi seva Dar es Salaam yenye memori ya GB 16 na viini 8 vya prosesa, tukaweka mfumo endeshi wa Ubuntu juu yake. Kuiweka hapa nchini ilikuwa makusudi, ili hata nyaya za baharini zikisumbua, safari ya kutoka Mtwara hadi kwenye seva iishie ndani ya nchi. Ndani ya BigBlueButton kuna injini ya sauti inayoitwa FreeSWITCH, na hiyo ndiyo inayopokea simu. Tulichukua laini ya SIP, yaani laini ya simu inayopita kwenye mtandao wa intaneti, kwa kampuni ya simu, ikiwa na namba ya mezani ya 023, na FreeSWITCH ikaunganishwa nayo. Mwenye bando anaingia kwa kompyuta au simu janja, anaona slaidi na sura za watu. Asiye na bando anapiga 023, anabonyeza namba tano za mkutano, anasikika na kusikia. Wote wako chumba kimoja.

Kuunganisha kulinichukua siku mbili. Kuufanya utumike na watu kulichukua miezi.

La kwanza lililonishtua lilikuwa muda wa kusubiri. Kwenye faili la kupokea simu kuna mstari mmoja unaoamua mambo mengi: namba ngapi zibonyezwe, mpigaji apewe nafasi ngapi akikosea, na asubiriwe kwa muda gani. Kwetu ilikuwa tarakimu 5, nafasi 3, na milisekunde 7000, yaani sekunde saba. Mimi niliyeijaribu nimekaa ofisini, namba nazijua kichwani, sekunde saba niliziona nyingi. Kisha nikaenda Tandahimba kwa kazi nyingine, nikakaa na mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi, wakati akijaribu kuingia. Alikuwa ameandika namba nyuma ya stakabadhi ya salfa. Akapiga, akaweka simu sikioni kusikiliza maelekezo, akaishusha, akatoa miwani, akaiangalia stakabadhi, akabonyeza namba ya kwanza kwa kidole gumba, akairudisha simu sikioni kuhakikisha bado ipo hewani. Sauti ikamwambia amekosea. Akaanza upya. Mara ya tatu simu ikakatika, akanitazama akasema, "Mwanangu, hii mashine inaniharakisha."

Jioni hiyohiyo, kutoka nyumba ya wageni, nilibadilisha 7000 ikawa 20000. Ni namba moja tu ndani ya faili. Jumatatu iliyofuata mzee aliingia kwa jaribio la kwanza. Kama kuna msimamizi anasoma hapa na ana mpango wa kuweka mfumo wa namna hii, naomba aanze na mstari huo kabla ya kitu kingine chochote, na asijipime yeye. Ampime mtu mwenye simu ya vibonyezo na miwani mfukoni.

La pili ni lugha. Sauti zilizokuja na FreeSWITCH tulizozikuta zilikuwa za Kiingereza. Watu wetu wengi walikuwa wakisikia maneno wasiyoyaelewa wanakata, wakidhani wamekosea namba. Uzuri wa programu huria ni kwamba sauti ni mafaili tu: unarekodi yako, unaliita kwa jina lilelile, unaliweka mahali pa lile la zamani. Mhasibu wetu, dada mwenye sauti iliyotulia, alikubali kurekodi. Tulisubiri saa mbili usiku, bajaji zimepungua barabarani, tukazima feni, tukafunga madirisha, tukarekodi kwa joto lile la Mtwara.

Mara ya kwanza alianza na "Shikamoo, karibu kwenye mkutano." Tuliona ni heshima, maana wapigaji wengi ni watu wazima. Lakini katika majaribio wazee walifanya kile ambacho mtu aliyelelewa hufanya: waliitikia. "Marahaba mwanangu, hujambo?" kisha wakangoja jibu, na muda wa kubonyeza ukawa unakwisha. Tukarekodi tena: "Karibu. Bonyeza namba tano za mkutano wako, kisha bonyeza alama ya reli." Hiyo ndiyo ipo mpaka leo. Kwa anayefika peke yake: "Umefika wa kwanza. Tafadhali subiri wenzako." Kila faili linatakiwa liwepo kwenye mafolda manne kulingana na ubora wa sauti, hezi 8000, 16000, 32000 na 48000, na ninazo nakala pembeni, kwa sababu kila nikisasisha mfumo nakagua kama sauti zetu bado zipo.

Namba ya mkutano nayo ilitusumbua mwanzoni kwa uzembe wa mipangilio yangu. Usipoitaja, mfumo unachagua nyingine kila mkutano unapofunguliwa. Kwa anayebofya kiungo hilo halimhusu. Kwa aliyeandika namba nyuma ya stakabadhi, kila Jumatatu ni stakabadhi mpya. Sasa mkutano wa Jumatatu una namba yake ya kudumu, na ujumbe wa kukumbusha unatumwa Jumapili jioni ukiwa na mambo matatu tu: namba ya 023, namba tano, na "saa 3:00 asubuhi" iliyoandikwa kwa saa za Kiswahili. Awali ujumbe ulisema 9:00 AM, na kuna waliopiga saa tisa alasiri wakakuta kimya.

Kelele. Hapa inabidi niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyokaribia kuua mfumo wote. Mtu akiwa kwenye kompyuta anajua yuko mkutanoni. Mtu mwenye kitochi yuko shambani, yuko ghalani, yuko nyuma ya bodaboda. Upepo wa ukingo wa Newala ukiingia kwenye simu moja, watu kumi na tisa hawasikilizani. Mbaya zaidi ni pale anapopokea simu nyingine katikati: mkutano wetu unawekwa pembeni, na wote tunasikilizishwa muziki wa kampuni yake ya simu mpaka arudi. Nikaweka mpangilio wa kila mtu kuingia akiwa amezimwa sauti. Mpiga simu akitaka kuongea anabonyeza 0, akimaliza anabonyeza 0 tena.

Kwa vijana ilifaa. Kwa wengine haikufaa. Kuna mama mmoja wa Nanyumbu, kiongozi wa kikundi cha wanawake wabanguaji, tulimwita kwa jina mara nne na hakujibu. Baadaye akanipigia kwa uchungu, anasema alikuwa akiongea muda wote na hakuna aliyemjali. Hilo liliniuma sana. Kumbe kwa kawaida mwenyekiti anaweza kumzima mtu sauti lakini hawezi kumwashia. Ni ulinzi wa faragha, na naukubali kwa mikutano ya watu wenye kompyuta. Kwetu niliufungua kwa mpangilio unaoitwa allowModsToUnmuteUsers, nikaueleza mbele ya wote kwenye mkutano, na wakaridhia: ukiitwa jina, tunakuwashia sisi, kwa hiyo jua unasikika. Mama yule sasa ndiye huongea wa kwanza kuhusu bei.

Kuhusu utambulisho, mpiga simu huonekana kwenye orodha kwa namba yake, na sikupenda namba za watu zionekane na kila mgeni aliyealikwa. Maelekezo ya BigBlueButton yana njia ya kuficha namba, na kwetu zinaonekana tarakimu nne za mwisho tu. Nina daftari lenye tarakimu hizo na majina, na mwanzo wa kila mkutano naita mahudhurio: "Mzee wa Tandahimba, shikamoo, tunakuona." Ni dakika tatu, na watu wanazipenda.

Usalama nautaja kwa ufupi: mlango wa SIP, 5060, yaani namba ambayo seva hupokelea simu, usiuache wazi kwa dunia nzima. Ufungulie anwani ya kampuni inayokupa laini tu. Nilipochungulia kumbukumbu za seva siku ya pili tangu niiwashe, tayari wageni walikuwa wanagonga.

Kosa ambalo bado linanikera lilihusu chaneli. Laini tuliyouziwa ilikuwa na chaneli 10, yaani simu kumi kwa wakati mmoja. Hakuna aliyetueleza, na mimi sikuuliza. Mpigaji wa kumi na moja anasikia tu mlio wa laini kuwa na shughuli. Bwana mmoja wa Liwale alitembea Jumatatu tatu mfululizo hadi mahali penye mtandao, akapiga, akakuta mlio huo, akarudi nyumbani. Tulidhani amepoteza hamu. Tulipojua, tuliomba nyongeza ya chaneli, na mkurugenzi alimpigia mwenyewe kumwomba radhi. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wowote wa laini, uliza hilo kwanza na lihesabu kwa idadi ya watu wako, si kwa bei.

Salio ni la mpigaji, na hili linabaki kuwa tatizo. Mkutano wa dakika arobaini unakula dakika za kifurushi cha mtu ambaye hana nyingi. Tunarudisha salio kwa wahudhuriaji wote wa simu, na wachache ambao hawawezi kuanza kupiga huwa nawapigia kutoka kwenye seva na kuwaingiza. Hakuna kitufe cha hilo kwenye ukurasa. Ninaandika amri kwenye FreeSWITCH, mtu mmoja baada ya mwingine, na ofisini ni mimi peke yangu ninayeijua. Nimeanza kumfundisha kijana aliyejiunga nasi kwa mafunzo kwa vitendo, maana nikiugua Jumatatu watu hao hawatakuwepo.

Ningeipendekeza? Kwa shirika ambalo watu wake wote wana simu janja na bando, hapana, kuna njia rahisi zaidi. Kwa wanaofanya kazi vijijini Mtwara na Lindi, na wana mtu mmoja asiyeogopa kufungua faili la mipangilio, ndiyo, kwa moyo wote. Gharama kubwa ni kodi ya seva na laini, na ile ya tatu ni saa za msimamizi.

Jumatatu iliyopita tulikuwa ishirini na sita, kumi na saba kati yao kwa simu. Ajenda ilikuwa magunia kabla ya minada ya Oktoba. Mzee wa Tandahimba alibonyeza 0 mwenyewe, akasubiri nafasi, akasema magunia yaliyofika ghalani kwake yamepungua na anayo hesabu mkononi. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, na tukaiandika.