Zimwi la ghorofa ya chini: kitabu tulichosoma nyumbani kwetu Mwanga, Kigoma

Nilipofunga ndoa na mke wangu miaka miwili iliyopita, kila mmoja wetu alikuja na watoto wake: mimi na mvulana mmoja, yeye na mvulana wa umri huohuo pamoja na binti mdogo. Nyumba yetu ni ndogo, hivyo wavulana walilazimika kulala chumba kimoja, na kwa miezi mingi walikigawa kwa mstari wa chaki uliochorwa sakafuni. Kwa sababu hiyo, shemeji yangu aliponiletea kutoka Dar es Salaam nakala ya mtumba ya The Ogre Downstairs, riwaya ya mwandishi wa Uingereza Diana Wynne Jones iliyotoka mwaka 1974, nilianza kuwasomea jioni ileile, huku nikiwatafsiria sentensi kwa sentensi.

Caspar, Johnny na Gwinny wanajikuta wakiishi na mume mpya wa mama yao, mtu mkali asiyevumilia kelele, ambaye wao wenyewe wamempa jina la Zimwi, na wanawe wawili, Douglas na Malcolm, wanaoonekana kwao kuwa na majivuno. Zimwi anawanunulia Johnny na Malcolm sanduku la kemia kila mmoja, nao wanagundua kwamba dawa zilizomo si za kawaida. Gwinny anapaa hadi darini. Tofi zinapata uhai, zinatambaa nyumbani zikitafuta joto, na hapo binti yetu alicheka mpaka akajifunika kanga usoni.

Lakini kilichotushika zaidi ni pale Caspar na Malcolm wanapobadilishana miili, kila mmoja akalazimika kuishi ndani ya maisha ya yule asiyempenda. Mwandishi hahubiri hata kidogo, wala hakuna mtu mzima anayewaamuru watoto wapendane. Wanajikuta tu wanalazimika kushirikiana kuficha maajabu hayo, na kidogo kidogo siri inawaunganisha kuliko nasihi yoyote. Sisi tumekulia katika hadithi za mama wa kambo anayemnyima yatima chakula, ambamo mwovu anajulikana tangu mwanzo na anabaki mwovu hadi mwisho. Humu baba wa kambo anaonekana kwanza kwa macho ya watoto wanaomwogopa, kisha msomaji anaanza kumwona mwanamume asiyejua namna ya kuishi na watoto watano katika nyumba isiyowatosha. Mwanangu wa kambo, ambaye mpaka leo huniita Anko, nami sijawahi kumlazimisha aniite vinginevyo, alinikatiza usiku mmoja akasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Nilifunga kitabu kwa muda, kwa kuwa sikuweza kuendelea kusoma.

Kasoro zipo. Mama wa watoto, Sally, amechorwa kwa wepesi mno, na mke wangu alilalamika, kwa haki kabisa, kwamba mwanamke aliyebeba familia nzima alistahili kurasa zaidi. Mabadiliko ya Zimwi nayo yanakuja kwa haraka kuelekea mwisho. Aidha, majina ya dawa yameandikwa kwa mtindo wa Kilatini, na utani wake unapotea katika tafsiri. Vilevile ilinibidi nieleze kwa kirefu vyuma vya kupashia nyumba joto, jambo lisilo rahisi kwa mtoto aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika.

Ningekipendekeza kwa watoto wa miaka tisa na kuendelea, mradi awepo mtu wa kuwasomea iwapo Kiingereza chao bado hakijakomaa. Sura ya kubadilishana miili tumeirudia mara tatu. Mara ya tatu umeme ulikuwa umekatika na mimi nilikuwa nimechelewa kazini. Niliporudi niliwakuta wavulana wamekaa kitanda kimoja na tochi ya simu, mmoja akisoma Kiingereza na mwenzake akimtafsiria mdogo wao.