Bibi wa nani? Yaliyonikuta kwenye kozi ya kompyuta kwa wanaoanza, Moshi

Niseme mapema kwamba sikwenda pale kutafuta ugomvi. Nilikwenda na kaunta buku jipya, kalamu mbili, miwani yangu, na ada ya shilingi 120,000 ambayo nililipa yote siku ya kwanza, kwa kuwa sipendi kudaiwa. Chuo chenyewe sikitaji. Mwenye nacho tunasali kanisa moja na mkewe ni mteja wangu wa mashuka. Itoshe kwamba kipo Moshi mjini, ghorofani, na tangazo lake lilisema kinapokea "hata asiyewahi kugusa kompyuta". Nikasema, haya, wamenitaja mimi.

Siku yenyewe ilikuwa wiki ya tatu, labda ya nne. Masika yalishaanza, ngazi zimejaa matope. Mwalimu alituambia kila mtu aandike anachotaka, yeye akarudi kwenye simu yake. Vijana wakaanza kuandika majina ya wachezaji mpira. Mimi nikatoa kwenye mkoba muhtasari wa kikao cha kikoba chetu, akina mama wa mitumba wa soko la Memorial, nikasema leo mashine hii inifanyie kazi.

Kurasa tatu na nusu. Wanachama 28: hisa za kila mmoja, marejesho, faini za waliochelewa, na ule mzozo wa mwenzetu aliyekopa fedha za ng'ombe akanunua makochi. Niliandika bila kuangalia vidole. Nilikuwa nimeshafika kwenye "kikao kilifungwa kwa sala" umeme ukakatika.

Vioo vyote vikawa vyeusi. Kwenye changu nikaona uso wangu mwenyewe, mdomo wazi.

Uliporudi, baada ya kama robo saa, nikawasha, nikangoja, nikafungua Word, ile programu ya kuandikia. Ukurasa mweupe. Nikatafuta huku na huku. Hakuna hisa, hakuna ng'ombe, hakuna makochi. Nikamwuliza mwalimu, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, maneno yangu yamekwenda wapi?" Hakuinua hata macho. Akasema: "Bibi, hii siyo taipureta. Ungesevu."

Darasa zima likacheka.

Bibi wa nani? Wajukuu ninao wanne, na hao wana haki yao. Hata makonda wa Hiace za Pasua, na midomo yao ile, huniita mama.

Lakini la "bibi" ningelimeza. Lililonichoma ni hilo la taipureta. Mimi nilisomea uhazili Tabora. Nilifaulu maneno 50 kwa dakika kwenye mashine na 100 kwa hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunasa maneno ya bosi, nikakaa ofisini na taipureta yangu ya Olympia mpaka lile wimbi la kupunguzwa kazini la miaka ya 1990 liliponisomba, nikaingia kwenye mitumba. Kwa hiyo taipureta naijua. Ukipiga A, A imepigwa. Umeme ukatike, paa livuje, mkurugenzi ahamishwe, A yako iko palepale kwenye karatasi, na kivuli chake kwenye nakala iliyo chini ya karatasi ya kaboni. Sasa mtu aliyelelewa na mashine ya namna hiyo atajuaje kwamba kuna mashine inayokuonyesha neno ambalo bado halijaandikwa popote?

Mtasema angefundishwa. Ndiyo! Hebu niwaeleze tulichofundishwa.

Wiki nzima ya kwanza tulinakili ubaoni. Hadiwea ni sehemu za kompyuta unazoweza kuzishika. Softiwea ni sehemu usizoweza kuzishika. Nukta. Kisha historia: Babbage na mashine yake ya hesabu ya magurudumu ya meno kule Uingereza, halafu kompyuta ya ENIAC ya Marekani iliyozinduliwa mwaka 1946, valvu za umeme zipatazo 18,000, uzito wa tani karibu 30. Vipindi viwili vizima. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia uzito wa ENIAC, ila nilikuwa sijui kwamba muhtasari wa kikoba unaning'inia hewani mbele ya macho yangu.

Kazini, wakubwa zetu walikuwa wakitusimulia kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu za Hazina kuvurugika kwenye mashine. Sisi wasichana tulikuwa tunacheka, tukiona wazee waliogopa maendeleo. Siku ile niliposhuka zile ngazi, ningeletewa marufuku hiyo ningeisaini upya kwa mkono wangu.

Aliyeniokoa ni binti wa mapokezi, yule anayekata risiti. Alinikuta kibarazani nikingoja mvua ipungue. Akaniuliza zamani nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia. Akafikiri kidogo.

"Mama, bosi akikusomea barua uiandike, kabla kalamu haijagusa karatasi, yale maneno yako wapi?"

"Kichwani."

"Ukizirai palepale?"

"Yamepotea."

"Basi kichwa hicho ndiyo RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kina haraka, ila kinaishi kwa umeme. Kusevu ni kuandika hatimkato yako kwenye daftari. Daftari ndiyo diski. Ukizirai, daftari linabaki."

Ada nimelipa, kaunta buku limejaa, ENIAC tani 30, na jibu likatoka kwa mkata risiti ndani ya dakika mbili.

Kesho yake, kabla ya kipindi, alinifungulia kasha moja bovu lililowekwa stoo. RAM ni kibao chembamba, kama nusu ya rula, chenye vidude vyeusi vimepangwa mstari. Nikakishika. Nikaelewa kwamba ile fasili ya ubaoni haikuwa ya uongo: kibao nakishika, ila maneno yangu yaliyopita humo siwezi kuyashika, na ndiyo maana yameondoka bila kuaga. Ilikosa tu mtu wa kuieleza. Akanionyesha na CPU, ile inayofanya hesabu zote za kompyuta, kitu cha ukubwa wa biskuti, kimelaliwa na feni. Wiki zote hizo mwalimu wetu alikuwa analiita kasha zima CPU. Mtaani wote tunaita hivyo, sawa, lakini mtaani hatutozi ada.

Baada ya hapo nikaanza kulegea. Nikajiambia, mama, nusu ya kosa ni lako. Kijana ana mdomo mbaya lakini alisema kweli, ungesevu. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu kati ya tano na kuandika maneno ya heshima.

Ndipo jirani yangu wa mezani aliponifungukia. Kijana mpole wa Uru, anajifunza ili apate kazi kwenye kampuni ya utalii. Yeye siku ile alikuwa amesevu. Na nilimwona! Alibofya, akaandika jina la faili, likakaa pale kwenye skrini. Na la kwake pia lilipotea. Alinyamaza kwa sababu ya kile kicheko.

Tukamwendea binti. Akatazama sakafu. Kumbe kompyuta zote za darasani zimewekewa programu inayozirudisha zilivyokuwa kila zinapowashwa upya. Chochote ulichoongeza, faili, picha, hata ile nakala ya dharura ambayo Word hujiwekea yenyewe kila baada ya dakika 10, kinafutwa kama ubao wa shule asubuhi. Sababu yake ina akili, sikatai: wanafunzi huja na flashi zenye virusi, wengine huchezea mipangilio, basi mashine ikizimwa na kuwashwa inakuwa safi tena. Mikahawa ya intaneti nayo hufanya hivyo. Sina ugomvi na programu.

Lakini sasa ile "ungesevu" ilikuwa nini? Ningesevu wapi? Ningesevu, umeme ungekatika, ningewasha, ningekuta ukurasa uleule mweupe, na yeye angekuwa ameshacheka. Dawa ilikuwa flashi, nayo darasani ilitajwa mara moja tu kwenye orodha ya vifaa vya kuhifadhia, namba 4, tukanakili tukapita.

Nyota moja. Na hiyo ni ya binti.

Halafu kuna lile boksi jeusi chini ya kila meza, UPS. Kazi yake haina siri: umeme ukikatika, betri iliyomo ndani ikupe dakika chache za kusevu na kuzima kwa utaratibu. Nikamwuliza mwalimu mbona hayakufanya kazi.

"Betri zilikufa."

"Lini?"

"Zamani."

Zamani! Kwa hiyo yamebaki kupitisha umeme tu, kama waya wa kurefushia. Jirani yangu huweka mguu juu ya lake, mimi huweka mkoba. Na masika ndiyo hayo.

Sasa niseme na lililonifurahisha, maana hasira isinifanye mwongo. Kibodi. Ule mpangilio wa herufi, Q, W, E, R, T, Y, ni wa taipureta, umetoka Marekani miaka ya 1870, na umefika hadi leo karibu kama ulivyokuwa. Shifti inaitwa shifti kwa sababu kwenye taipureta ilikuwa inahamisha chuma chenyewe ili herufi kubwa ndiyo igonge karatasi. Enta inafanya kazi ya ule mkono tuliokuwa tunausukuma kurudi mwanzo wa mstari. Kitufe cha Tab nacho kipo. F na J zina vipele, kidole cha shahada kinapapasa na kujua kipo nyumbani. Na siku ya barua pepe, mwalimu alipofika kwenye Cc akasema hiyo ni ya kumpelekea mtu mwingine nakala, akataka kupita. Nikanyoosha mkono nikamwambia kirefu chake ni kopi ya kaboni. Kaboni! Ileile iliyokuwa inanichafua vidole Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka kola ya blauzi.

Siyo taipureta, eti.

Wiki ile au iliyofuata, nikiwa naandika, nikahisi mtu amesimama nyuma yangu. Akasimama muda mrefu. Alikuwa mwalimu. Mwenyewe huandika kwa vidole viwili, kama kuku anadonoa mtama, nami sikuwahi kumcheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kuwaonyesha wenzangu namna ya kuweka vidole. Nikasimama mbele. A, S, D, F mkono wa kushoto. J, K, L na nukta mkato mkono wa kulia. Mgongo wima, macho kwenye karatasi, usichungulie mikono, mikono inajua. Vijana walewale. Saa ilipokwisha hakuna aliyetaka kutoka. Mmoja alikuwa ameshaandika jina lake lote akiwa amefumba macho, anapiga kelele kama amefunga goli. Mwalimu akasema, "Asante, mama."

Mama. Radhi hakuomba, lakini nikamwongezea nyota moja. Jioni nikaiondoa, nilipokumbuka kwamba siku hiyo aliyefundisha ni mimi na aliyelipa ada ni mimi.

Muhtasari niliuandika upya, kwenye flashi niliyonunua kwa fedha yangu steshenari ya jirani. Dakika 40. Kila sentensi nabonya Kontroo na S, mpaka kijana wa Uru akaniuliza kama kidole kina kwikwi. Akina mama walipogawiwa nakala, zimechapwa safi, hesabu zimekaa kwenye safu, yule wa makochi akasema ungeachwa tu ulikopotelea. Flashi sasa naivaa shingoni pamoja na ufunguo wa kibanda.

Kama unaniuliza uende au usiende, kweli sijui nikuambie nini. Ukiwa mtu wa moyo mwepesi, usiende, utalia ngazini. Ukiwa na uso mkavu, nenda, lakini fika na flashi yako mkononi na siku ya kwanza uulize mbele ya watu: umeme ukikatika sasa hivi, kazi yangu itakuwa wapi? Akikujibu kwa ENIAC, shuka kwa mkata risiti. Hapana, anza na mkata risiti. Haya, ile niliyoiondoa nairudisha: nyota mbili. Mbili na nusu kama wangebadilisha zile betri, na nimepita, hawajabadilisha. Juu ya boksi langu sasa kuna chupa ya chai.

Nilipita kuchukua cheti, juzijuzi tu. Karatasi nzuri, nene, ina nembo na muhuri. Jina langu la ukoo wamelikosea herufi mbili, na mahali pa "Kompyuta" wameandika "Kompuyta". Nikamwonyesha mwalimu. Akakitazama, akajikuna kichwa, akasema kuchapisha kingine ni shilingi 5,000.

Nikavua flashi shingoni, nikamwambia anipishe kwenye kiti.