FamilySearch kwa ukoo wa Songea: uzoefu wangu

Naandika haya kwa ajili ya wale ambao kwao ni kijijini, wazee wao hawakuacha karatasi, na wamekuwa wakijiuliza kama FamilySearch, huduma ya mtandaoni ya kutafuta na kuhifadhi nasaba, inaweza kuwafaa. Mimi nimeitumia kuandika nasaba ya ukoo wetu, Wangoni wa Songea, na bado naitumia. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, ila si kwa kazi ambayo wengi wanaifuata. Watu huingia wakitegemea kuandika jina la babu na kuletewa babu wa babu. Kwetu faida yake ni kuhifadhi: sauti za wazee, picha, na mpangilio wa nani kamzaa nani, vyote mahali ambapo simu ikiibwa au nyumba ikiungua bado vipo.

Tuanze na mwenyewe ni nani, maana wengi hawaulizi. FamilySearch ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaojulikana zaidi kama Wamormoni, makao yao Salt Lake City, Utah. Kazi hii waliianza mwaka 1894. Mwaka 1938 wakaanza kupiga mikrofilamu, yaani picha ndogo sana kwenye roli za filamu, za madaftari ya makanisa na serikali katika nchi nyingi, na mwaka 2021 walikamilisha kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali, takriban roli milioni 2.4. Filamu zenyewe zimehifadhiwa kwenye handaki lililochongwa ndani ya mlima wa mawe karibu na mji huo. Kufungua akaunti ni bure, na mpaka leo sijadaiwa hata senti. Ninachotumia ni bando langu tu.

Ila sehemu kubwa ya hazina hiyo ni ya Ulaya na Amerika. Mtu ambaye babu yake alizaliwa Bavaria, kule Ujerumani, atapata ukurasa wa ubatizo akiwa amekaa sebuleni. Mimi ambaye babu yangu alibatizwa na mapadri waliotoka hukohuko Bavaria, lakini akabatiziwa Ungoni, ilinibidi nipande basi kwenda Songea. Sioni ubaya. Safari zile ndizo zilizonipa karibu kila kitu nilichoingiza kwenye mti wa ukoo wetu.

Kuingiza watu ni rahisi. Unaanza na wewe, unapanda kwa wazazi, babu na bibi, kisha unashuka kwa ndugu zao na watoto wao. Kila marehemu anapewa namba yake ya herufi na tarakimu. Ya babu niliituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na binamu yangu aliyeko Arusha akamfungua babu yuleyule na kuendelea pale nilipoishia. Mti ni mmoja kwa watumiaji wote duniani. Hakuna mti wangu na mti wako. Kwa ukoo uliotawanyika kama wetu, huu ni msaada mkubwa, kwa sababu kila tawi linaandika watoto wake na hakuna anayeanza upya.

Nilifurahi pia kwamba mtu anaweza kuwa na wenzi wengi na kila mtoto akakaa chini ya mama yake. Babu mzaa baba alikuwa na wake wawili, na nyumba zote mbili zimeandikwa kama zilivyo. Kuna nafasi ya kuonyesha mtoto wa kulea, mtoto wa kambo na aliyeasiliwa. Kwenye familia ambazo nusu ya watoto walilelewa na shangazi au na bibi, nafasi hiyo ina maana kubwa.

Hapo hapo pana mtego. Mzee ukimuuliza baba yake nani, anaweza kukutajia baba yake mkubwa, kwa sababu ndiye aliyemlea na ndiye aliyemtolea mahari. Kwake hajadanganya, huyo ni baba. Lakini mti unataka aliyemzaa, halafu baba mkubwa uweke kama mlezi. Nimezoea kuuliza swali hilo kwa njia mbili au tatu: nani alikuzaa, nani alikulea, na nyie mliozaliwa tumbo moja ni akina nani. Swali la tumbo moja ndilo linalofungua mambo kuliko yote.

Kisha kuna somo, yaani mtu mwenye jina moja na mwingine. Sisi mjukuu hurithi jina la babu, na jina lilelile linarudi vizazi vinne. Mfumo ukiona majina mawili yanafanana unaweza kupendekeza kwamba huenda ni mtu mmoja, na mtumiaji yeyote anaweza kukubali na kuwaunganisha. Binamu mmoja aliwaunganisha babu na babu yake, ghafla mtu akawa na watoto kumi na wawili waliopishana miaka sitini. Tulirudisha, kwa sababu kila badiliko linahifadhiwa na kuna sehemu ya kuona nani alibadilisha nini na kurejesha ilivyokuwa. Tangu hapo kwa kila mwenye somo tunajaza kisanduku cha sababu: huyu si yule, huyu ni mjukuu wake, tumeambiwa na fulani siku fulani. Kijazeni hicho kisanduku. Watu wengi hukiruka.

Tarehe zilinipa kazi nzuri. Wazee wetu wanahesabu kwa matukio: machifu na manduna, wasaidizi wao, kunyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, njaa iliyofuata baada ya Maji Maji, vita ya 1914 hadi 1918, nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kuhamia vijijini miaka ya 1970. Mfumo unakubali makadirio, unaandika tu kwamba ni karibu mwaka fulani. Bibi aliyeambiwa na mama yake kwamba alikuwa anatambaa nzige walipokuja nimemweka karibu 1930, na maneno yake yenyewe nimeyaandika chini ya tarehe. Ukiandika mwaka peke yake bila maneno, kitukuu atakayesoma atadhani ulitoka kwenye cheti.

Sasa daftari la parokia, ambalo kwa Wakatoliki wa kusini ndilo jalada la nasaba tulilo nalo. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki kutoka Ujerumani, walifika Peramiho mwaka 1898, na tangu enzi hizo ubatizo umekuwa ukiandikwa. Katika parokia ya kwetu nilikwenda na cheti cha ubatizo cha baba chenye namba, paroko akanipokea vizuri, tukakaa mezani na kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Safu zimepigwa chapa kwa Kilatini: namba, siku ya ubatizo, siku ya kuzaliwa, jina, baba, mama, msimamizi, padri. Kwa watu wazima umri umekadiriwa. Kilichonishika ni safu ya pembeni. Kanisa Katoliki huandika kipaimara na ndoa ya mtu kwenye mstari uleule wa ubatizo wake, pamoja na mahali alipofungia ndoa. Pembeni ya jina la dada yake babu paliandikwa kwa wino mwingine kabisa kwamba aliolewa Lituhi, kule Ziwa Nyasa. Nyumbani kwetu ilijulikana tu kwamba binti yule “alipotea upande wa ziwa”. Kwa mstari ule tulipiga simu, tukauliza, na leo wajukuu zake wako kwenye kundi letu. Mmoja wao ana pua ya baba yangu.

Ukienda kutafuta kwenye daftari za zamani, kumbuka kwamba walioandika walikuwa Wajerumani na waliandika kwa herufi za kwao. “Ch” yetu inaweza kuwa “tsch”, “j” ikawa “dsch”, “v” ikawa “w”. Pitia ukurasa kwa kidole na usome kwa sauti, jina litajitokeza. Mimi sikupiga picha ukurasa, kwa kuwa una habari za watu wengine pia. Nilinakili mstari wetu kwa mkono, na kwenye mti nikaandika chanzo: parokia, kitabu, ukurasa, namba.

Lakini kama ningeambiwa nibaki na kitu kimoja tu kwenye huduma hii, ningebaki na sehemu ya kumbukumbu. Unapakia picha, unazungushia duara uso wa kila mtu na kuuunganisha na jina lake mtini. Tuna picha ya kipaimara ya miaka ya 1950, watoto wamepangwa mbele ya ukuta wa matofali, nyuma yake hakuna hata herufi moja. Niliiskani steshenari, nikaikuza kwenye simu janja na kumpa shangazi, ambaye amebaki peke yake katika watoto wale. Akaenda uso kwa uso: huyu alikwenda mkonge Tanga hakurudi, huyu ni pacha wa yule, huyu mwenye shati la kuazima ni baba yako. Kila alipotaja nikaweka duara. Picha ileile ilikuwa imekaa kabatini maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sauti nazo zinaingia. Mimi narekodi kwa kinasa cha simu, kisha napakia nikipata mtandao wa maana, kwa vipande vifupi kwa kuwa kuna kikomo cha ukubwa wa faili. Kila kipande nakipa kichwa kinachoeleweka: mahari ya bibi, safari ya kwenda Njombe, mwaka wa nzige. Rekodi ya saa nzima isiyo na kichwa hakuna atakayeisikiliza. Na msimtume kijana aende na karatasi ya maswali kama karani wa sensa. Mzee apewe picha mkononi au jina la mtu aliyempenda, ataongea mwenyewe.

Kuna mambo mawili ambayo lazima mkae kama ukoo na kuyazungumza kabla ya kuanza.

La kwanza ni imani. Wamormoni huwafanyia marehemu wao ibada, ukiwemo ubatizo kwa niaba, na utafiti wa nasaba kwao unatokana na hilo. Sheria yao inamtaka muumini awasilishe majina ya mababu zake mwenyewe, na kama marehemu alizaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, apate ruhusa ya ndugu wa karibu aliye hai. Wapo wazee wetu, Wakatoliki na Waislamu, ambao hili linawagusa. Baba mdogo wangu alisikiliza, akauliza maswali yake, akaridhia. Upande wa shemeji zetu Waislamu walikataa majina ya wazazi wao yasiingie, na hayakuingia. Waelezeni wazee waziwazi, tena mapema. Wana haki hiyo.

La pili ni siri za ukoo. Aliye hai hafichuliwi kwa umma. Anaonekana kwako uliyemwandika, au kwa wale uliowaalika kwenye kundi la familia. Marehemu ni wa wote, pamoja na picha na sauti zilizounganishwa naye. Ungoni kuna koo nyingi ambazo mababu zao walitekwa vitani karne ya 19 wakaingizwa katika jamii ya Kingoni, na kuna nyumba ambazo jambo hilo husemwa kwa wakubwa tu, usiku. Mimi nimelisikia, nimelirekodi, na sijalipakia. Nimeliweka kwenye faili la nyumbani mpaka wenye nalo waseme. Historia hiyo ina thamani kubwa na inapaswa kutunzwa, ila si mimi wa kuitangaza duniani kwa sababu tu kuna kitufe cha kupakia.

Kwa hiyo msitegemee mtandao peke yake. Mti wa FamilySearch unaweza kushushwa kwa kupitia programu kama RootsMagic au Ancestral Quest, zinazotoa faili la GEDCOM, aina ya faili ambayo kanisa hilohilo liliianzisha mwaka 1984 na ambayo programu nyingi za nasaba zinaisoma. Mimi nalifungulia kwenye Gramps, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Nakala iko kwenye flashi mbili, moja kwangu Dar es Salaam na moja Songea kwa shangazi. Orodha tumeichapa pia kwenye karatasi, maana wazee wanapenda kusahihisha kwa kalamu, na masahihisho yao ni bora kuliko ya mfumo wowote.

Kilichobaki kwetu ni upande wa akina mama. Ukoo unakumbuka wanaume mpaka kizazi cha sita, lakini mama wa babu yangu anatajwa kwa jina la mumewe tu. Kwenye daftari la ubatizo safu ya mama ipo, na kwa mtoto wake huyu imeachwa wazi. Sasa natafuta ubatizo wa wadogo zake babu katika parokia za jirani, nikitumaini kwamba padri mwingine aliuliza. Kama kuna aliyewahi kumpata bibi yake kwa njia hiyo, au anayejua pengine pa kutazama kwa familia za Songea na Mbinga za kabla ya 1920, naomba anieleze alianzia wapi.