Vigae vya aljebra: mihula miwili mikononi mwa wanafunzi wangu

Nimefundisha hisabati miaka 14, na kila mwaka nimekuwa nikizungushia duara kosa lile lile: (x + 3)² = x² + 9. Nimeeleza kwa kila njia niliyoijua. Nimewaandikia mabano mara mbili, nimewachorea mishale ya kuzidisha, nimewakaririsha. Wiki ile wanapata, likizo ikipita kosa limerudi. Ndiyo maana idara yetu ilipopata nafasi ya kuagiza vifaa, niliomba vigae vya aljebra. Nimevitumia mihula miwili, kwa madarasa matatu.

Kwa asiyevijua, ni vipande vya plastiki vya maumbo matatu. Kidogo ni mraba wenye upande 1, kwa hiyo eneo lake ni 1. Kirefu ni mstatili wenye upana 1 na urefu x, eneo lake x. Kikubwa ni mraba wa x kwa x, yaani x². Kila kigae upande mmoja kina rangi ya kijani, ukikigeuza ni chekundu, na chekundu ni hasi. Pakiti ya mwanafunzi mmoja kwenye boksi letu ina vikubwa 4, virefu 12 na vidogo 20.

Siku ya mabano niliwaambia wajenge mraba ambao kila upande wake ni x + 3. Karibu wote walianza vilevile: kigae kikubwa huku, vidogo tisa kwenye kona ya mbele yake, kisha wakabaki wakitazama mapengo mawili. Nilinyamaza. Binti mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye kwa kawaida haniangalii usoni kipindi kizima, akachukua virefu vitatu akajaza pengo la juu, akachukua vitatu vingine akajaza la chini. Akahesabu. Akasema, "Mwalimu, hizi sita ndizo nilikuwa nazisahau." Miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia kuwa 6x ipo. Hapo aliiona pale inapokaa.

Kutafuta vigawo, yaani mabano mawili yanayozidishana kutoa jibu, nako kulipata uhai. Ukimpa mwanafunzi x² + 5x + 6 kwa alama tupu, anaanza kubahatisha namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 6 na zikijumlishwa zinatoa 5. Akiwa na vigae, kazi ni kupanga kikubwa kimoja, virefu vitano na vidogo sita mpaka vitoe mstatili usio na tundu. Akipanga vidogo mstari mmoja wa sita, virefu havitoshi kuzunguka. Akivipanga viwili kwa vitatu, mstatili unafunga, na pande zake ni x + 2 na x + 3. Kubahatisha kumekuwa kujaribu, na jaribio lililoshindwa linamwonyesha kwa nini limeshindwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya. Boksi la kwanza halikutosha, tukaagiza la pili kwa muuzaji mwingine. Katika boksi la kwanza kigae kirefu kimekatwa kwa makusudi kisilingane na idadi kamili ya vidogo: ukipanga vitano vinapungua, ukipanga sita vinazidi. Katika boksi la pili, kirefu ni sawasawa na vidogo vitano. Kijana mmoja alivipanga kando yake, vikakaa barabara, akanyoosha mkono: "Mwalimu, x ni tano." Darasa zima likakubali. Kuanzia hapo, kila nilipoandika x ubaoni, kuna waliokuwa wanaandika 5 pembeni.

Niliudhika, nami naona muuzaji wa vigae vya namna hiyo anawatia walimu matatani. Kifaa cha kufundishia herufi isiyofungwa kwenye namba moja hakipaswi kuipa herufi hiyo namba. Kabla ya kununua, waombe wakupimie kirefu kwa vidogo. Vikilingana, tafuta kwingine.

Lakini maboksi yote mawili tulikuwa nayo tayari, na sikuwa na nafasi ya kurudisha. Kipindi kilichofuata nikayagawa kwa kupishanisha: dawati hili la boksi la kwanza, la jirani yao la boksi la pili. Nikawapa wote x² + 5x + 6. Kila dawati likapata mstatili wake, mmoja mrefu zaidi, mwingine mfupi. Nikauliza: "Nani amekosea?" Wakasimama, wakaenda kuchungulia kwa wenzao. Mabishano yalidumu dakika nyingi kuliko nilizopanga. Mwisho kijana yuleyule wa "x ni tano" akasema hakuna aliyekosea, kwa sababu x yao ni tofauti lakini upande wa mstatili ni x na mbili kwa wote. Nilitamani kila mwalimu wa hisabati awepo chumbani mle.

Hili ni jambo gumu kuliko tunavyokubali. Dietmar Küchemann, aliyechunguza wanafunzi wa sekondari nchini Uingereza miaka ya 1970, aliainisha namna sita ambazo mwanafunzi huitumia herufi. Wapo wanaoipuuza, wapo wanaoichukulia kama kitu, na wachache ndio wanaoiona kama namba inayoweza kubadilika. Sisi walimu tunachangia. Tukisema "v ni vitabu, k ni kalamu, kwa hiyo 3v + 2k ni vitabu vitatu na kalamu mbili", tumeshaigeuza herufi kuwa kifupisho cha neno, wakati v ilipaswa kuwa namba, kwa mfano bei ya kitabu kimoja. Vigae navyo vina hatari hiyo: wanafunzi wangu walianza kukiita kirefu "ile fimbo". Nikaweka sharti kwamba kinachotajwa ni eneo lake, na fimbo ikafutika taratibu.

Kwenye hasi, vigae vinayumba. Jozi ya kijani kimoja na chekundu kimoja ni sifuri, na hilo wanafunzi hulishika haraka. -3 + 5 haiwasumbui tena. Ila jaribu (x - 2)(x - 3). Jibu, x² - 5x + 6, linapangwa kwa kikubwa kimoja, virefu vitano vyekundu na vidogo sita vya kijani. Umbo ni lilelile la (x + 2)(x + 3), rangi tu ndiyo imebadilika. Upande wa x - 2 unaonekana mrefu kuliko x! Picha ya eneo, ambayo ndiyo nguvu yote ya kifaa hiki, hapo inamdanganya mtoto machoni pake. Kwa mabano yenye kutoa sasa navifungia vigae boksini na kuchora ubaoni jedwali la kuzidishia sehemu za mabano moja moja.

Milinganyo inakwenda vizuri zaidi. Kwa 2x - 3 = 5 wanachora mstari katikati ya dawati, wanaweka virefu viwili na vidogo vyekundu vitatu huku, vidogo vitano vya kijani kule. Wanaongeza vitatu vya kijani pande zote mbili, jozi za sifuri zinaondoka, vinabaki virefu viwili na vidogo vinane. Hapo niliwaeleza kwamba neno aljebra limetoka katika Kiarabu, al-jabr, kurejesha, na kwamba mwanahisabati al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alilitumia kwa kitendo hichohicho: kurejesha kilichopunguzwa kwa kukiongeza pande zote. Wimbo wetu wa "hamisha, geuza alama" hauna tena kazi. Waonye mapema tu kwamba jibu la 4 halimaanishi plastiki ina urefu wa vidogo vinne. Kwenye milinganyo kirefu ni kama bahasha iliyofungwa.

Tulimfuata al-Khwarizmi hadi kwenye mlinganyo wake wa x² + 10x = 39. Kikubwa kimoja, virefu vitano upande huu na vitano upande ule, na kona moja tupu inayodai vidogo 25. Pakiti ina 20, kwa hiyo madawati yaliungana. Ukiijaza kona, 39 na 25 ni 64, upande wa mraba ni 8, na x ni 3. Yeye hakuzihesabu namba hasi, kwa hiyo jibu la pili, -13, tulilitafuta kwa alama.

Kuhusu ubora wenyewe: plastiki ni ngumu, hakuna kilichovunjika, ila kelele ni nyingi, hivyo tandika karatasi ya manila juu ya dawati. Kijani na chekundu ni chaguo baya. Nina mwanafunzi asiyezitofautisha rangi hizo, na ilinichukua wiki mbili kugundua kwamba hakuwa mzembe. Nimepiga mstari wa kalamu ya wino mzito kwenye upande wa hasi wa kila kigae. Kijitabu kilichokuja na boksi kina kanuni tupu, sikukifungua tena. Pia zipo programu za bure za vigae kwenye intaneti, na katika baadhi unaweza kuubadilisha urefu wa x kwa kuuvuta, jambo ambalo plastiki haiwezi.

Nayapa maboksi haya nyota nne kati ya tano, la kwanza kwa moyo wote, la pili kwa sharti kwamba lisikae darasani peke yake. Muhula ujao nitayachanganya tangu siku ya kwanza.