Vidonge vya chipukizi za brokoli kwa mwenye usonji: nyota mbili

Nilimnunulia mwanangu, kijana mwenye usonji, baada ya kuongea na daktari wake. Kilichonivuta ni sulforafani, kemikali itokanayo na brokoli. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa wavulana na wanaume 44 wa miaka 13 hadi 27, na waliopewa sulforafani kwa wiki 18 walitulia zaidi na kuhusiana vizuri na watu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Walipoacha, hali ikaanza kurudi ilikokuwa. Majaribio ya baadaye kwa watoto wadogo hayakuonyesha nafuu ya wazi kiasi hicho.

Sasa kopo lenyewe. Lebo inataja glukorafanini tu. Hiyo bado si sulforafani. Inahitaji kimeng'enya cha mirosinesi kuigeuza, na kama hakimo kwenye kidonge, kazi inaachiwa bakteria wa utumbo, ambao hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Nimesoma lebo pande zote, sikukiona. Kwa hiyo sijui mwanangu anapata kiasi gani, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko bei.

Anavimeza bila shida, ila tumbo linajaa gesi. Utulivu? Kidogo, labda; siwezi kuapa kwamba umetokana na vidonge.

Kinachoniudhi kweli ni maneno "huondoa usonji" kwenye kopo. Hakuna mmea uliothibitishwa kufanya hivyo. Halafu hawasemi lolote kuhusu kifafa, wakati katika utafiti ule wawili waliokuwa na historia ya degedege walipatwa nayo tena. Mwenye historia hiyo aanze kwa daktari wake.