Uzoefu wangu: nusu siku kuutafuta mfereji uliomezwa na reli, kusini mwa London

Shangazi yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga, nikamwambia Jumamosi tunakwenda kuona mfereji wa kale. Akavaa viatu vyake vya kutokea. Tulipofika bustani ya Betts Park, Anerley, akasimama ukingoni, akayatazama maji ya kijani yaliyolala kimya, bata wawili na kopo moja la bia, kisha akanigeukia: "Mwanangu, umenitoa kwenye chai yangu kuja kuona mtaro?"

Sikumlaumu. Kingo ni za zege, maji hayaendi popote, na urefu wake unaumaliza kwa miguu kabla hujamaliza kusimulia kisa kimoja. Ukienda ukitarajia malango makubwa ya mbao na mashua zilizopakwa rangi kama za kwenye kadi za posta, utarudi umenuna. Hata kufika kwenyewe kulitugharimu, maana ramani ya kwenye simu ilituzungusha mitaa mitatu tukiwa tayari tunaiona miti ya bustani.

Lakini mtaro huo ndio kipande cha Croydon Canal kinachoonekana vizuri mpaka leo. Mfereji huu ulifunguliwa mwaka 1809. Ulikuwa na urefu wa kilomita 15 hivi, ukianzia New Cross, ulikoungana na mfereji mwingine wa kwenda Mto Thames, hadi Croydon. Matishari yalishuka London na mbao na chokaa, yakapanda na makaa ya mawe. Biashara haikunoga. Mwaka 1836 ukafungwa kwa sheria ya Bunge, kampuni ya reli ikauchukua kwa pauni 40,250, na mwaka 1839 treni zikaanza kupita. Kwa hiyo uliishi miaka 27 tu. Shangazi alipiga hesabu, akasema kabati lake la vyombo ni kongwe kuliko hapo.

Sasa, kwa nini kipande hiki kimebaki na vingine vimetoweka? Hapa ndipo safari iliponoga kwangu. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo wachimbaji waliufuata ubavu wa kilima, wakipinda kila kilima kinapopinda. Treni haina shida hiyo. Wajenzi wa reli walitumia njia ya mfereji pale iliponyooka, na ilipojikunja wakaiacha wakakata moja kwa moja. Kilichobaki basi ni makombo ya kwenye kona. Nilikuwa bado namweleza shangazi, huku nikichora kwa kidole hewani, ndipo treni ikasikika ikipita nyuma ya nyumba. Akakigeukia tena kile kijimtaro, akakiangalia kwa jicho jingine. "Kumbe umepona kwa sababu umepinda!"

Kutoka hapo tulitembea hadi South Norwood Lake. Kuna mwinuko njiani na magoti ya shangazi si ya juzi, kwa hiyo tulikwenda kwa mapumziko. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kwenda na familia: ziwa la haki, watu wanavua samaki, kuna klabu ya mashua za tanga, na unaweza kulizunguka lote bila haraka. Wengi wanaokwenda kutembeza mbwa pale hawana habari kwamba lilichimbwa kuwa tangi la mfereji. Croydon iko juu kuliko Thames, na tishari lilipandishwa kwa kuingizwa kwenye chumba cha maji, lango likafungwa nyuma yake, maji yakafunguliwa kutoka juu mpaka chombo kikaelea usawa wa pili, kisha lango la mbele likafunguliwa. Kama ngazi. Vyumba vya namna hiyo vilikuwa 28, vingi vikifuatana kwenye mwinuko baina ya New Cross na Forest Hill. Kila chombo kinapopita, maji ya chumba kizima yanateremka, nayo lazima yajazwe tena kutoka mahali. Ndipo palipochimbwa ziwa. Ukikaa kwenye benchi ukafikiria mabaharia wa tishari wakifungua na kufunga malango mara 28 kwa safari moja, hushangai kwamba reli ilishinda.

Kosa langu lilikuwa mpangilio. Nilianzia kwenye mtaro. Ningeanzia stesheni ya West Croydon, ambayo imejengwa palepale lilipokuwa gati la matishari. Wengi wetu Croydon tunaijua kwa ofisi za uhamiaji tu, tunashuka na bahasha mkononi na kurudi, kumbe tulikuwa tunakanyaga bandari. Kutoka hapo panda treni ya mjini iitwayo Overground, laini ya Windrush, kuelekea New Cross Gate, shuka Norwood Junction kwa ajili ya ziwa, kisha Anerley kwa ajili ya Betts Park. Huko kote hakuna kiingilio, unalipia nauli tu. Kuna mabaki mengine katika hifadhi ndogo ya miti, Dacres Wood, upande wa Sydenham, ila haifunguliwi kila siku, kwa hiyo ulizia kwanza. Vaa viatu vya kawaida, vya kutokea viache nyumbani.

Wakati wa kwenda tulikuwa tunapiga soga hatukutazama nje. Wakati wa kurudi shangazi alidai kiti cha dirishani. Baada ya Forest Hill treni inaingia kwenye bonde lililochimbwa, kingo zimesimama pande zote mbili zikiwa zimefunikwa na miti, na reli inateremka taratibu mpaka New Cross. Ni mteremko uleule wa yale malango. Reli ilipojikunja kidogo tu, shangazi alinigusa kiwiko: "Hapa ulipita." Ikinyooka: "Hapa wamekata." Alikuwa anabahatisha, bila shaka, lakini aliendelea hivyo hadi tuliposhuka, na yule kijana wa kiti cha mbele akavua spika za masikioni kusikiliza, ingawa sidhani kama alijua Kiswahili.