Kati ya Speedmaster ya Zamani na ya Sasa, Naichagua ya Zamani

Mjadala wa iwapo mkusanyaji aelekeze fedha zake kwenye saa za kifahari za zamani au kwenye zile zinazotoka kiwandani leo huwa hauendi mbali unapoendeshwa kwa ujumla tu. Ni afadhali kuweka saa mbili mezani na kuzichunguza. Nimechagua Speedmaster Professional ya kampuni ya Uswisi ya Omega, kwa kuwa ni miongoni mwa saa chache zilizoanza miaka ya 1950 na bado zinatengenezwa zikiwa na sura ile ile kwa kiasi kikubwa. Upande mmoja ipo modeli 145.022, iliyoanza kutoka 1968 ikiwa na mashine ya kaliba 861 (kaliba ni aina ya mashine ya saa, na namba ndiyo jina lake). Upande wa pili ipo ile iliyotolewa Januari 2021, yenye kaliba 3861. Zote mbili ni kronografu, yaani saa zenye kipima muda, za kutiwa ufunguo kwa mkono, kasha la kila moja lina upana wa milimita 42 hivi, na mtu akiziona kwa mbali atadhani ni saa moja.

Kwa kazi yenyewe ya saa, yaani kuonyesha wakati sawasawa na kuvumilia matumizi ya kila siku, ya sasa inashinda, tena bila ubishi. Kaliba 3861 hupimwa kwa masharti yaliyoidhinishwa na METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, na masharti hayo hayairuhusu ichelewe hata kidogo wala iwahi zaidi ya sekunde 5 kwa siku. Springi nyembamba inayoongoza mapigo ya mashine imetengenezwa kwa silikoni, madini yasiyovutwa na sumaku, na kwa jumla saa hiyo inastahimili usumaku wa gausi 15,000, gausi ikiwa ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Ndani yake umo pia mfumo wa ko-aksia uliobuniwa na fundi saa Mwingereza George Daniels na kuingizwa na Omega katika saa zake kuanzia 1999. Kazi ya mfumo huo ni kupunguza msuguano pale nguvu ya kamani inapopokelewa na gurudumu linalocheza huku na huku. Ukiitia ufunguo mpaka mwisho, itatembea kwa takriban saa 50. Ukivuta kitufe cha pembeni, mshale wa sekunde unasimama, hivyo unaweza kuioanisha na saa nyingine kwa sekunde kamili.

Kaliba 861 haina mambo hayo. Mshale wake wa sekunde hausimami wakati wa kurekebisha, na springi yake ya chuma hupata usumaku kutokana na spika, simu au kifungo cha mkoba, kisha saa huanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku mpaka fundi aiondolee usumaku huo kwa kifaa chake, kazi isiyochukua muda. Maji ni hatari kubwa zaidi. Ya 2021 imethibitishwa kwa kina cha mita 50. Ya zamani, hata kama mipira yake ya kuzuia maji imebadilishwa, mimi singeivaa penye mvua. Mkanda wa chuma wa sasa, unaoanza na milimita 20 penye kasha na kupungua hadi 15 penye kifungo, unakaa vizuri mkononi kuliko mikanda ya zamani, ambayo hulegea na kulialia.

Hata hivyo, sifa zote hizo zimegawanywa sawa kwa kila saa ya modeli hiyo. Anayeichunguza Speedmaster moja ya 2021 amezichunguza zote, na akishazifahamu hana tena la kugundua. Saa mbili za 145.022 zilizotoka kiwandani pamoja, baada ya zaidi ya miaka 50 ya jua, jasho, mafundi na makabati, zimekuwa saa mbili tofauti kabisa, na kazi ya mkusanyaji ni kuzisoma tofauti hizo. Hapo ndipo ninapoipendelea ya zamani, na naipendelea kwa moyo wote.

Tuanze na uso wake. Alama za saa na mishale zilipakwa rangi yenye tritiamu, elementi yenye mnururisho, ili zing'ae gizani, na ndiyo maana chini ya uso, pande zote mbili za maneno yanayotaja Uswisi, kuna herufi T. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na miezi michache, kwa hiyo saa ya 1969 haina tena mwanga wa maana. Kilichobaki ni rangi: ile iliyokuwa nyeupe sasa imekuwa ya maziwa mazito, ya asali, au hata ya kahawia, kulingana na mwanga na unyevunyevu iliokutana nao. Mnunuzi makini hulinganisha alama na mishale chini ya kioo cha kukuzia. Ikiwa alama zimekuwa za asali ilhali mishale ni myeupe, mishale imebadilishwa; na ikiwa zinang'aa kwa nguvu usiku kucha, basi zimepakwa upya kwa rangi ya kisasa. Nikiona uso ambao alama na mishale vimezeeka kwa rangi moja, huku weusi wa uso ukiwa haujamomonyoka pembezoni mwa alama, huwa nimekwisha kuona nusu ya thamani ya saa ile.

Pete ya vipimo vya kasi inayozunguka kioo nayo ina habari zake. Katika saa zilizotoka kabla ya takriban 1970, nukta ya namba 90 imewekwa juu ya namba hiyo, si kando yake. Wakusanyaji wanaitafuta nukta hiyo kiasi kwamba pete peke yake huuzwa kwa bei inayotosha kununua saa nyingine nzima iliyo nzuri. Ni jambo la kutiliwa maanani kwamba Omega, ilipotengeneza modeli ya 2021, iliirudisha nukta mahali pake pa zamani, ikarudisha na uso wenye kingo zilizoshuka kidogo, na kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuifufua kaliba 321, iliyotangulia ile 861. Watengenezaji wenyewe wanakubali mahali sura bora ilipo.

Kasha ndilo linaloharibiwa zaidi, na huharibiwa na watu wenye nia njema. Pembe za Speedmaster zinazoshika mkanda zina mkunjo: sehemu yake moja imesuguliwa kwa mistari myembamba, nyingine inang'aa, na kati yake upo ukingo mkali unaoteremka mpaka ncha. Kila fundi anayeling'arisha kasha huondoa chuma kidogo, na baada ya mara chache ukingo ule hufifia na pembe moja huwa nyembamba kuliko nyingine. Wapo mafundi wanaoongeza chuma kwa leza na kuchonga upya, na baadhi yao ni hodari sana, lakini kasha la namna hiyo ni kazi ya fundi huyo, si ya kiwanda. Mimi nitachukua kasha lenye mikwaruzo na ukingo mkali, nikiacha linalong'aa kama kijiko kipya.

Hatari ya saa za zamani ni udanganyifu, na haifai kuipunguza. Mwezi Novemba 2021, Speedmaster ya modeli 2915-1, ile ya kwanza kabisa, iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 ilibainika kwamba ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba aliyeinunua ni jumba la makumbusho la Omega lenyewe. Ikiwa watengenezaji wenyewe wanaweza kudanganywa, karatasi na sifa za mnada hazimtoshi mnunuzi wa kawaida. Atake kifuniko kifunguliwe mbele yake: namba ya modeli imeandikwa ndani ya kifuniko, namba ya mfululizo imechongwa kwenye mashine, na lazima namba hizo mbili ziwe za kipindi kimoja. Muuzaji anayekataa kufungua aachwe na saa yake. Mnunuzi wa modeli mpya hana usumbufu huo, na juu yake anapewa dhamana ya miaka 5.

Kwa mtu atakayekuwa na saa moja tu, ya kuvaa kazini, safarini na penye mvua, namshauri bila kusita achukue ya 2021, hasa ile yenye kioo cha plastiki badala ya yakuti samawi, kwa kuwa mikwaruzo ya kioo hicho hutoka kwa dawa ya kung'arishia. Kwa mkusanyaji, 145.022 isiyoguswa ndiyo ya kutafutwa, hata kama itamgharimu muda mrefu wa kusubiri. Akishaipata na ukafika wakati wa kuisafisha mashine, aandike kwenye stakabadhi ya fundi kwamba kasha lisisuguliwe, uso na mishale visibadilishwe wala kupakwa rangi, na kila kipande kitakacholazimika kutolewa kirudishwe mkononi mwake ndani ya mfuko, kwa sababu mnunuzi wa baadaye atakiulizia.